Kituo namba 17

Najua, toka Ramadhani sijaandika kitu. Wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimeolewa. Sijaolewa! Nilikuwa na ripoti ya utafiti, ile ya mwaka wa mwisho, na imeninyima usingizi kwa sababu ambayo sikuitegemea hata kidogo. Juzi nimeikabidhi, kwa hiyo leo nasimulia. Tieni chai kabisa, maana ni refu.

Mnajua mie nasoma ualimu, jiografia na Kiswahili. Darasani kwetu, ukifika wakati wa kuchagua mada, nusu ya watu wanachagua utoro wa wanafunzi na nusu iliyobaki upungufu wa madawati. Sisemi vibaya, ni mada za maana, lakini mie nilitaka kitu kitakachonitoa darasani. Wikiendi nalala kwa khalati yangu Mkunazini, katika nyumba moja ya zamani ya Mji Mkongwe, ghorofa ya pili. Umeme ukikatika sina la kufanya ila kulala chali na kuhesabu boriti za dari. Kule chumbani ziko 19. Siku moja nikajiambia, hivi hizi zote si mikoko? Kila moja ilikuwa mti umesimama matopeni mahali fulani, na upana wa chumba hiki umepimwa kwa urefu wa mti ule. Na chokaa iliyoshika mawe ya ukuta nayo imechomwa kwa kuni. Basi nimelala ndani ya msitu bila kujua. Mada ikapatikana hapo hapo, gizani: msitu wa kusini mwa Unguja umepungua kiasi gani, na nitapimaje mie nisiyekuwa na gari wala pesa?

Jibu la "nitapimaje" ni setilaiti. Msicheke. Marekani walirusha Landsat ya kwanza mwaka 1972, na toka wakati huo dunia inapigwa picha bila kusita. Zamani picha zile zilikuwa zinauzwa, tena ghali, lakini mwaka 2008 wakazifungua, anayetaka achukue bure. Wazungu wa Ulaya nao wakarusha Sentinel-2 mwaka 2015, na picha zake bure vilevile. Programu ya kuzisomea, QGIS, bure. Kitu pekee nilicholipia mie ni bando, na hilo bando jamani... tuliache.

Sasa ngoja niwaelezee inavyofanya kazi, maana nilipomweleza mwenzangu wa dakhalia alifikiri naangalia picha na kusema "hapa kijani, hapa si kijani". Si hivyo. Picha ya setilaiti imegawika vyumba vidogo vya mraba vinavyoitwa pikseli. Pikseli ya Landsat ni mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Mnazijua zile eka tatu tatu walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi ya 1964? Eka tatu ni pikseli 13 na nusu tu za Landsat. Kwa Sentinel-2, ambayo pikseli yake ni mita 10 kwa 10, eka tatu hizo hizo ni pikseli zaidi ya 120. Ndo maana nikachagua Sentinel. Makonde ya kwetu madogo, ukiyapima kwa Landsat ni kama kushona kifungo kwa sindano ya gunia.

Halafu kila pikseli ina namba, si rangi. Jani zima, lenye maji, linakula mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, na linarudisha juu mwanga mwingine unaoitwa infraredi ya karibu, ambao jicho letu halioni. Setilaiti inaona yote miwili. Unachukua infraredi, unatoa nyekundu, unagawa kwa jumla yao. Basi! Hesabu ya darasa la saba. Mfano, pikseli imerudisha infraredi 0.45 na nyekundu 0.05: unapata 0.40 gawanya kwa 0.50, sawa na 0.8, hapo pamejaa majani. Nyingine infraredi 0.30 na nyekundu 0.15: unapata 0.33, hapo pamekauka au pamekatwa. Namba hiyo inaitwa NDVI. Ukiwa na picha ya mwaka 2016 na ya 2024, unatoa moja kwa nyingine, na penye kushuka sana unapapaka rangi nyekundu. Umeshapata ramani ya msitu uliopotea.

Ndivyo nilivyodhani.

Ramani yangu ya kwanza ilikuwa balaa. Kusini nzima nyekundu, toka Jozani mpaka Makunduchi, utasema kisiwa kimeungua. Nikaipeleka kwa msimamizi wangu mbio mbio, nimejaa hasira na sisi wanadamu. Akaiangalia, akauliza swali moja tu: "Hizi picha za miezi gani?" Ya 2016 ilikuwa ya mwezi wa saba, masika yamepita karibuni, kila kitu kimechipua. Ya 2024 nilichukua ya mwezi wa pili, kwa sababu ndo iliyokuwa haina mawingu. Mwezi wa pili, kaskazi linavuma, jua kali, vichaka vya maweni vimepukutisha. Nilikuwa sikupima msitu uliokatwa, nilipima ukame. Akanirudishia bila ya kusema zaidi. Nikaona haya mpaka kwenye kucha.

Basi nikaanza upya, mwezi wa saba kwa mwezi wa saba. Wekundu ukapungua sana, ukabaki madoa madoa. Mikoko ya Ghuba ya Chwaka nikaiacha kabisa, maana pale maji yakijaa pikseli ina sura moja na yakipwa ina sura nyingine, na mie sikuwa na wakati wa kufuatilia bamvua.

Msimamizi akasema: vizuri, sasa nenda kaangalie. Ramani ni dai, na dai linataka ushahidi. Kompyuta ikachagua vituo 40 kwa nasibu, 20 kwenye wekundu na 20 kwenye kijani. Kwa nasibu maana yake sikuchagua mie. Likumbukeni hilo.

Jumamosi tatu mfululizo nikaamkia Kijangwani, daladala ya Makunduchi, mkononi simu yenye GPS na mkoba wa mihogo ya kuchemsha. Eneo langu lilikuwa nje ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ile iliyotangazwa mwaka 2004, kwenye shehia za maweni. Na nililichagua kwa sababu ndo kwao baba, ambako bibi yangu yuko na ami yangu yuko, na nina pa kulala. Jina la kijiji sikitaji. Mtaelewa mbele kwa nini.

Ambaye hajawahi kutembea maweni asiseme ameiona Unguja. Chini ni jiwe la matumbawe, kali kama wembe, udongo umejificha kwenye mashimo tu. Juu vichaka vimeshikana, mwiba huu unakupokeza kwa mwiba ule. Mita mia moja za kwenye ramani nilizitembea nusu saa. Viatu vyangu vya mtumba vilikufa Jumamosi ya kwanza.

Lakini nilijifunza zaidi ya muhula mzima. Katika vituo 20 vyekundu, 14 kweli vilikuwa vimekatwa. Viwili vimejengwa nyumba. Vinne setilaiti ilikosea: kimoja moto ulipita kwenye nyasi, vitatu ni makonde ya zamani yaliyokuwa yamepandwa kabla hata ya 2016 na sasa yamevunwa. Upande wa kijani, 15 vilikuwa sawa. Vitatu vilikuwa miembe na minazi ya watu, si msitu. Shirika la FAO linasema msitu ni eneo linalozidi nusu hekta, miti inayopita mita 5, kivuli kinachozidi asilimia 10, na si ardhi ya kilimo. Setilaiti haijui kama mwembe una mwenyewe. Vilevile maweni mengi ya kwetu hayafiki mita 5, kwa hiyo ukifuata kanuni hiyo, msitu ambao bibi yangu anauita msitu si msitu.

Viwili vilivyobaki ndo vilivyonitisha. Kwenye ramani kijani safi. Nimefika chini, juu kivuli kimefunga, lakini chini vigogo vitupu. Watu wamekata fito na miti myembamba, mikubwa wameiacha. Ukiwa angani unaona mwamvuli mzima. Hesabu zote za angani hapo zinapita patupu.

Sasa kituo namba 17.

Kilikuwa chekundu, tena wekundu wa kukoza. Jumamosi ya pili ami aliniambia atanisindikiza, maana mtoto wa kike peke yake maweni si vizuri. Tunafuata simu, mie nasoma namba, yeye mbele na panga anasafisha njia. Mara naona hafuati tena simu, anakwenda mwenyewe kama anayejua tunakokwenda. Tukatokea uwazi. Vigogo vimeota machipukizi, katikati pamepandwa mihogo na tungule, pembeni majivu ya zamani. Simu ikasema tumefika.

Nikamuuliza, "Ami, konde la nani hili?"

"Letu," akasema. "La babu yako."

Nikatoa daftari. Fomu yangu ilikuwa na maswali matatu: pamekatwa lini, kwa ajili ya nini, nani anatumia sasa. Nikamuuliza la kwanza kama nilivyowauliza wengine wote.

"Mwaka ule uloingia chuo," akasema.

Nikaandika 2022. Nikauliza la pili. Ami akanitazama kama mtu anayeangalia kama namtania.

"Mwanangu, kwani hukuambiwa? Mkopo wako si ulikuwa haujatoka? Babako alikuja hapa usiku na baiskeli. Kuni za hapa ndo zilokupeleka chuo ule muhula wa mwanzo. Gari la ng'ombe mara sita mpaka barabarani, kisha zikenda mjini kwenye tanuri la mikate."

Jamani. Mie nakumbuka ile pesa. Baba aliniletea dakhalia kwenye bahasha ya kaki, noti ndogo ndogo, nikafikiri ameuza mbuzi. Nikampa ahsante nikaenda kulipa. Na nakumbuka mikate ya tanuri Mkunazini, ile ya moto ya asubuhi, khalati ananituma dirishani. Nilikuwa ninakula huku na huku.

Nikaandika: kuni, kuuza, ada ya skuli. Sikuandika ada ya nani. Sikumuuliza kama alikuwa na kibali cha kukata. Nilijua jawabu, na yeye alijua kuwa ninajua. Vijiji vingi vya kusini vina makubaliano ya kusimamia msitu wao. Sheria ya misitu ya mwaka 1996 ilifungua mlango huo, na mradi wa HIMA ulioanza 2010, wa CARE pamoja na Idara ya Misitu kwa fedha za Norway, ukausukuma zaidi. Kuna sehemu za kuachwa na sehemu za kutumia, na kwa sehemu za kutumia kuna utaratibu. Baba alikuja usiku. Utaratibu haufunguliwi usiku.

Nikarudi Mkunazini na laptopu. Na hapa ndo nataka kuwa mkweli kwenu, maana humu sijawahi kujifanya mwema. Nilikifuta kituo namba 17. Nilikifuta saa tano usiku, nikaweka kingine pembeni yake, mita mia mbili tu, kichaka salama. Nani angejua? Orodha ninayo mie peke yangu. Nikazima laptopu nikalala chali. Boriti 19.

Sikulala. Nilikuwa nafikiria wale wakulima wengine 13. Kila mmoja nilimfikia na daftari langu, nikamuuliza lini na kwa nini, na wengine walikuwa na sababu zao pia: mmoja maradhi ya mke, mmoja harusi, mmoja njaa tu. Wao nimewaweka kwenye hesabu. Ami yangu nimtoe kwa kuwa ni ami yangu? Halafu kuna hesabu yenyewe. Nasibu ndo inayoipa sampuli nguvu. Ukishaondoa kimoja kwa kuwa kinakuchoma, vituo vilivyobaki vinakuwa hadithi uliyojichagulia, na usahihi ninaouandika kwenye ukurasa wa 31 ni uongo wenye asilimia.

Saa kumi alfajiri nikakirudisha.

Jumatatu nikamweleza msimamizi kila kitu, pamoja na kile cha kukifuta. Hakunigombeza. Tukakubaliana mambo mawili. Kwanza, kwenye kiambatisho sitoi namba za GPS za kituo chochote, si cha ami tu, vyote 40, kwa sababu watu walinikaribisha makondeni mwao kama mgeni na hawakunikaribisha nikawaripoti. Pili, kwenye sehemu ya mipaka ya utafiti niandike kwamba kituo kimoja ni cha jamaa yangu. Nimeandika. Sentensi moja, imenichukua siku mbili.

Jumamosi ya tatu nikamwambia ami kuwa konde limo kwenye ripoti, jina halimo. Nilitegemea atakasirika. Akakaa kidogo, kisha akasema, "Na kule nilikokuacha, huko hiyo setilaiti yako imekuona?" Akanipeleka nyuma ya konde, pahali alipolima zamani, akapapumzisha. Msitu umerudi, mirefu kunipita mara mbili, na kima punju wanarukaruka wanatutazama. Kwenye ramani yangu hapo palikuwa "hakuna mabadiliko", kwa sababu mwaka 2016 palikuwa kijani na 2024 pako kijani. Kijani cha vichaka na kijani cha miti, kwa NDVI vinafanana. Mtu kaacha shamba lake lipumzike miaka yote hiyo, na ramani haimpi hata alama moja.

Ndo nikarudi kusoma vizuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Turku cha Finland pamoja na wenzao wa hapa Zanzibar walichapisha mwaka 2011 utafiti kuhusu Matemwe, juu ya ardhi na msitu vinavyobadilika badilika, na mwanzoni nilikuwa nimeusoma juu juu. Maweni yanakatwa, yanalimwa, yanaachwa, yanarudi. Ukichukua picha mbili tu, unamkamata mtu amenyanyua shoka na humuoni alipoliweka chini. Inatakiwa mlolongo wa picha, mwaka kwa mwaka. Nikaongeza za kila mwezi wa saba penye uwazi wa mawingu, na nikalinganisha na zile picha za droni za mradi wa kupima Zanzibar ulioanza 2016, ambazo zinaonyesha mpaka sentimita 7, na wanafunzi wa chuo kikuu hapa walifundishwa kuzirusha. Kwenye picha ile konde la ami bado ni kichaka. Mti mmoja mmoja unauona. Niliutazama muda mrefu.

Msinielewe vibaya, msitu unapungua. Vituo 14 vimekatwa kweli, na vile viwili vya vigogo vinaniambia kuna zaidi ambayo hayaonekani. Zanzibar tulikuwa watu 1,303,569 kwenye sensa ya 2012 na 1,889,773 kwenye sensa ya 2022. Karibu laki sita zaidi ndani ya miaka kumi, na wote wanapika. Mie mwenyewe nimo. Sisi wa mjini tunapenda kusema "watu wa shamba wanamaliza msitu", huku tunapanga foleni ya mkate.

Baba nimemwambia pia. Alikuwa anatengeneza baiskeli ile ile. Akasema, "Ulitaka nikwambie ili iwe nini?" Sikuwa na jawabu. Nikamshikia tairi.

Mwezi ujao naanza mazoezi ya kufundisha, skuli moja ya shamba, kidato cha tatu. Nimeshaomba nifundishe usomaji wa ramani. Nitawaonyesha pikseli, nitawafanyisha ile hesabu ya kutoa na kugawa, halafu nitawatoa nje tukaangalie kama ni kweli. Viatu nitawaambia wavae vya maana.

Picha zote ninazo kwenye flash, wa jiografia mnaotaka nitafuteni kabla sijaondoka. Na anayejua fundi wa viatu asiyekuwa mwizi hapo Darajani, aniambie. Tuonane wiki ijayo, inshallah, chaji yangu iko asilimia 4.